Simu kwanza, gari baadaye: kumwandaa mgonjwa wa rufaa

Mgonjwa wa Makete au Chunya akifika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya na kurudishwa kwa kukosa kipimo kimoja, amepoteza nauli, na huenda na nafasi yake kwenye orodha ya upasuaji. Sehemu kubwa ya hilo huzuilika wilayani.

Barua ianze na ombi lenyewe. "Naomba uchunguzi zaidi na matibabu" haimwambii bingwa kitu. Andika hivi: "Mama, miaka 58. Wiki 6 sasa chakula kigumu kinamkwama, uzito umeshuka kutoka kilo 61 hadi 52. Naomba kipimo cha kamera cha umio na tumbo, na kuchukua kinyama cha kupima maabara." Chini yake weka magonjwa mengine, mzio, ujauzito na majibu ya vipimo. Jibu lisilo na tarehe litarudiwa tu. Kwa CT ya kontrasti (picha ya CT inayopigwa baada ya kuchoma dawa ya kung'arisha picha), usisahau kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ya mwenye kisukari au tatizo la figo, maana dawa hiyo hutolewa mwilini na figo.

Kwenye dawa ndiko kwenye hatari kubwa. "Anatumia dawa za presha" haitoshi. Taja jina, miligramu, mara ngapi kwa siku na alimeza lini mara ya mwisho. Warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji mkubwa, na INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) hupimwa tena kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Lakini mwenye vali bandia ya moyo akiachishwa bila mpango, damu inaweza kuganda kwenye vali. Uamuzi huo autoe bingwa, na jina lake liandikwe. Uliza pia mitishamba na pombe, na uitaje pombe yenyewe: Iringa, msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi), asemaye hanywi huenda ana maana hanywi bia. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa siku chache baada ya upasuaji.

Kisha piga simu. Uliza tarehe, maandalizi na nani atampokea; rudia uliyoambiwa kwa sauti, halafu andika kwenye barua jina la uliyeongea naye na saa. Ukituma picha ya eksirei kwa WhatsApp, zima flashi, funika jina, na alama ya kulia au kushoto ionekane.

Kufunga kuelezwe kwa saa ya ukutani, si "usile usiku". Chakula kikome muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu muda wa saa mbili kabla. Anayetoka Ludewa na basi la alfajiri atakunywa chai ya maziwa stendi ya Makambako bila kujua kuwa inahesabiwa kama chakula.

Bingwa naye ana deni: alichofanya, dawa ipi irudishwe na lini, na dalili za kumrudisha mgonjwa haraka. Majibu ya kinyama hukawia, kwa hiyo simu ya daktari wa wilaya iandikwe kwenye fomu ya maabara yenyewe, si kwenye faili peke yake.