Jinsi ya kudai fidia ya ajali ya gari au bodaboda Kigoma, na nini ufanye kampuni ya bima ikikataa

Mwongozo huu ni wa majeruhi na familia za waliofariki. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kigoma, na madai mengi yanayofika mezani kwangu yakiwa yamekwama hayakukwamia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima wala mahakamani. Yalikwama mwanzoni kabisa: karatasi haikuchukuliwa polisi, au mtu alisaini asichokisoma huku plasta bado iko mguuni.

Hatua ya 1: Jua nani anapaswa kukulipa

Kama ulikuwa kazini, yaani wewe ni dereva, kondakta, utingo, au mwajiriwa aliyetumwa safari na mwajiri wake, anza na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko haukuulizi dereva yupi alikosea. Unauliza kama uliumia ukiwa kazini. Taarifa ya ajali lazima imfikie mwajiri au Mfuko ndani ya miezi 12, la sivyo dai linakufa. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, malipo ni asilimia 70 ya mshahara wako wa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Mwajiri akikwambia "tutamalizana wenyewe", mshukuru, halafu mpe taarifa yako kwa maandishi na ubaki na nakala.

Kama ulikuwa abiria, mwenda kwa miguu au mwendesha baiskeli, unadai kwenye bima ya mtu wa tatu ya chombo kilichosababisha ajali, ile wengi tunaiita bima ndogo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kuwa nayo, bodaboda zikiwemo.

Kama wewe ndiye uliyekuwa unaendesha na kosa ni lako, bima ndogo haikulipi. Vijana wa bodaboda hushtuka sana nikiwaambia hili, kwa sababu wakala aliyewauzia aliwaambia "umeshakata bima, huna wasiwasi".

Hatua ya 2: Hakiki bima ya chombo siku hiyo hiyo

Piga picha namba ya usajili. Ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, weka namba hiyo, utaona kama chombo kina bima na ni ya kampuni gani. Ndugu yeyote mwenye simu anaweza kukufanyia ukiwa bado wodini. Hifadhi picha ya majibu. Angalia hasa tarehe ambayo bima ilianza, maana kuna wamiliki wanaokimbilia kwa wakala baada ya ajali.

Tazama pia rangi ya kibao cha namba. Kibao cheupe ni gari la biashara, cha njano ni gari binafsi. Kwa huku kwetu jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Probox nyingi zinazopakia watu Mwandiga kwenda Kasulu, au zinazookota abiria njia ya Uvinza, zina kibao cha njano na bima ya gari binafsi. Sura ya 169 inalazimisha bima kumgusa abiria aliyebebwa kwa malipo, au anayesafirishwa kwa sababu ya ajira yake. Aliyepewa lifti hana uhakika huo. Kwa hiyo usikubali maelezo ya polisi yaandike kwamba ulipewa lifti kama ulilipa nauli. Sema ulilipa kiasi gani, ulimpa nani, na nani alikuwa amekaa karibu yako. Kama ulilipa kwa simu, ujumbe wa muamala usiufute.

Hatua ya 3: Polisi

Kwanza PF3, fomu ya polisi kwa ajili ya matibabu. Mgonjwa mahututi akimbizwe hospitali, fomu ifuatwe na ndugu, lakini isipite siku nyingi.

Baada ya hapo rudi kitengo cha usalama barabarani cha wilaya ilikotokea ajali. Ajali ya Nguruka haiandikwi Kigoma mjini, inaandikwa Uvinza, na ajali ya ng'ambo ya huko, kuelekea Kaliua, ni ya mkoa wa Tabora kabisa. Omba fomu za polisi za ajali: PF 90, PF 93 na PF 115. Kampuni za bima huzitaka zote tatu, pamoja na ramani ya eneo la ajali na ripoti ya ukaguzi wa chombo. Soma jina lako kabla hujaondoka mlangoni. Ukiandikwa "Zuhura Hamisi" na kitambulisho chako kinasema "Zuhura Hamis", kuna mtu atakuja kukurudisha safari nzima kwa herufi moja.

Dereva akipelekwa mahakamani, andika namba ya kesi na uifuatilie. Akitiwa hatiani, chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyokwisha kabisa ni uthibitisho kwamba alitenda kosa hilo, na hutahitaji kubishana upya kuhusu nani alimgonga nani. Hiyo karatasi ina nguvu kuliko mashahidi watano.

Hatua ya 4: Hospitali na kipato chako

Uwe ulitibiwa Maweni, Kabanga au zahanati ya kijiji, tunza kila risiti. Mahakama na Msuluhishi hawakisii gharama. Gharama zinathibitishwa kwa karatasi, bora zaidi risiti ya EFD. Matibabu yakikaribia mwisho, mwombe daktari ripoti inayosema jeraha ni lipi, limepona kiasi gani, na ulemavu wa kudumu ni asilimia ngapi. "Alitibiwa na kuruhusiwa" haikusaidii kitu.

Kipato ndicho kinachowashinda watu wengi, kwa sababu hatuna hati za mshahara. Mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi alikuja na daftari la shule lenye magamba yamegandia kwenye kurasa. Kila ukurasa una madebe aliyonunua alfajiri, bei, barafu, ushuru, nauli ya mzigo kwenda Kasulu, na kilichobaki jioni. Lilikuwa na mwandiko wa aina mbili, wake na wa binti yake. Afisa wa bima alilichekea kwanza, lakini kulipangua hakuweza, kwa sababu tarehe zililingana na miamala ya simu ya mama huyo. Kama huna daftari, chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa kabla ya ajali, leseni au kitambulisho cha mjasiriamali, na barua ya mtendaji wa mtaa. Barua ya mtendaji peke yake ni dhaifu.

Hatua ya 5: Andika barua ya madai

Iende kwa kampuni ya bima, nakala kwa mmiliki wa chombo. Ukiipeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kuongea na wakala dukani kwake si kudai. Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi (tarakimu ni za mfano tu):

*YAH: MADAI YA FIDIA YA AJALI YA TAREHE …, GARI NAMBA T …*
*Mimi nilikuwa abiria niliyelipa nauli katika gari tajwa, lililokatiwa bima na kampuni yenu. Nilivunjika mfupa wa paja. Nadai:*
*Matibabu (risiti zimeambatishwa): Sh 640,000*
*Usafiri wa kwenda na kurudi hospitali: Sh 90,000*
*Kipato nilichopoteza, Sh 12,000 kwa siku kwa siku 60: Sh 720,000*
*Jumla ya gharama zenye vielelezo: Sh 1,450,000*
*Pamoja na fidia ya maumivu na ulemavu wa asilimia … kwa mujibu wa ripoti ya daktari.*
*Naomba majibu kwa maandishi.*

Sentensi ya mwisho isikosekane. Utaona sababu yake hapo chini.

Hatua ya 6: Wakikataa, au wakikupa kidogo

Majibu niyaonayo mara nyingi ni haya.

"Bima ilikuwa imeisha" au "stika ni feki". Toa picha ya TIRA MIS uliyohifadhi. Ikiwa ni kweli hakukuwa na bima, dai lako halijafa. Linabaki kwa dereva na mmiliki, na mmiliki ana kosa la jinai juu yake.

"Gari lilizidisha abiria" au "dereva hakuwa na leseni". Huo kwanza ni ugomvi wa kampuni na mteja wake. Mwombe afisa aandike ni kifungu gani cha Sura ya 169 kinachomnyima majeruhi haki yake kwa sababu hiyo. Hapa wengi hulegea.

"Tumekubali, saini hapa." Hili ndilo la hatari kuliko yote. Hati ya kukiri malipo, mawakala wanaiita dischaji, kwa kawaida inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho, na hutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo. Usiisaini kabla daktari hajasema ulemavu wako umeishia wapi. Kama bado una vyuma mguuni na vinatakiwa kutolewa mwakani, gharama ya kuvitoa iko wapi kwenye hiyo namba? Omba kuondoka na hati ukaisome nyumbani. Anayekataa kukupa nakala amekwishakujibu.

Kadhalika ile karatasi ya "tumeyamaliza kifamilia" inayoandikwa kituoni mmiliki akileta pesa ya dawa. Pokea pesa ya dawa, ila andika kwamba ni msaada wa matibabu na haifuti madai. Na vishoka wanaojitolea kufuatilia kwa kugawana nusu kwa nusu, waache waende zao.

Hatua ya 7: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima

Msuluhishi huyu yupo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na huduma yake ni bure. Anataka kuona kwamba ulishalalamika kwanza kwa kampuni, ndiyo maana uliomba majibu kwa maandishi. Wakikaa kimya, barua yako yenye muhuri ndiyo ushahidi wa ukimya wao. Shauri lisiwe limeshafunguliwa mahakamani. Kiasi anachoweza kukiamua kina kikomo, kwa hiyo dai kubwa la kifo au la kupooza liulizie kabla hujafungua.

Ofisi iko Dar es Salaam, lakini huna haja ya kupanda treni kwenda kufungua lalamiko. Andika ukurasa mmoja au miwili kwa mpangilio wa tarehe, ambatisha nakala, halisi baki nazo. Siku ya usuluhishi usiende kuhadithia uchungu wa ajali tu. Taja kiasi, taja kielelezo, nyamaza, usikilize upande wa pili.

Kwa WCF njia ni nyingine: unaomba kwanza Mkurugenzi Mkuu apitie upya uamuzi wake, na kutoka hapo ndipo rufaa zinapoendelea juu.

Hatua ya 8: Mahakama

Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo, hata wakikwambia "faili liko makao makuu". Wanaoshtakiwa ni dereva na mmiliki. Ukishinda, Sura ya 169 inailazimu kampuni kulipa hukumu, mradi ilijulishwa rasmi kuhusu kesi, hivyo barua ya kuijulisha itoke kabla hujafungua. Lugha ya mahakama sasa ni Kiswahili, lakini kwa hatua hii tafuta wakili.

Kwa aliyefariki, familia inadai chini ya Sura ya 310, sheria inayohusu ajali za vifo, kwa ajili ya mwenzi, watoto na wazazi waliomtegemea. Kwanza apatikane msimamizi wa mirathi: kikao cha ukoo, muhtasari wenye saini, cheti cha kifo, kisha maombi mahakamani. Msimamizi akishapokea fidia, watoto wana fungu lao humo. Baba mdogo anayesema "hizi nitazitunza mimi" aulizwe mbele ya mahakama atazitunza akaunti ipi.

Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kukusimamia mahakamani, na haruhusiwi kukutoza. Waliosajiliwa utawapata kwa kuuliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Njoo na karatasi zenyewe, picha za kwenye simu peke yake hazitoshi, na kama kuna uliyoisaini, njoo nayo hata kama unaona aibu kuionyesha.