Kupima mtiririko wa mto mdogo kwa ajili ya tasnifu ya uzamili: mita ya kasi na ndoo ya chumvi

Ukiandika tasnifu ya uhandisi wa mazingira kuhusu mto, iwe ni tope, uchafuzi au modeli ya mafuriko, lazima ujue lita ngapi zinapita hapo kwa sekunde. Ukikosea namba hiyo kwa asilimia 30, mzigo wa naitrojeni unaoukokotoa nao umekosewa kwa asilimia 30, na hakuna programu itakayokuokoa. Maelezo haya ni ya mito inayovukika kwa miguu, kama ile inayoshuka kutoka milima ya Uluguru kuja Morogoro.

Kabla ya kununua chochote, chukua barua ya utafiti ya chuo uende bodi ya maji ya bonde lako (kwa Morogoro ni Wami/Ruvu). Uliza kama kuna kituo cha kupimia kwenye mto huo na data zake za nyuma. Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Halafu kaone serikali ya kijiji; mtu anayemwaga kitu mtoni bila kuaga anatafuta matatizo.

Njia ya kwanza: mita ya kasi

Tafuta kipande kilichonyooka, angalau mara tano ya upana wa mto, pasipo mawe makubwa, majani ya majini wala maji yanayojizungusha kando. Kaa mbali na daraja linalokwamisha maji. Mawe madogo yaondoe mapema, usiyaguse tena ukishaanza, kwa sababu kila jiwe unalolitoa linabadilisha mkondo uliokwisha kuupima.

Funga futikamba kutoka ukingo hadi ukingo, ikate mkondo kwa pembe mraba. Gawa upana katika vituo 20 hadi 25, usivipange kwa umbali sawa tu: viweke karibu karibu panapokuwa na kina na kasi kubwa. Kwa mto wenye upana wa mita 2 vituo 10 vinaweza kutosha, maana mita ya kasi yenyewe ina upana wake.

Kila kituo pima kina. Kisipozidi sentimita 75, weka mita kwenye 0.6 ya kina ukihesabu kutoka juu. Kikizidi, pima mara mbili, kwenye 0.2 na 0.8, kisha chukua wastani. Namba hiyo ya 0.6 haikuokotwa. Maji yanayogusa sakafu ya mto hayatembei, na kasi inaongezeka kadiri unavyopanda, kwa kufuata logi ya umbali kutoka chini. Ukitafuta wastani wa mchoro huo wa kasi, unaangukia karibu asilimia 37 ya kina kutoka sakafuni, yaani karibu 0.6 kutoka juu. Kwa hiyo penye mawe makubwa au majani, ambapo mchoro haufuati logi, 0.6 inadanganya, hapo pima pointi tatu: 0.2, 0.6 na 0.8.

Acha mita isome sekunde 40 hadi 60. Maji ya mto yana msukosuko, na usomaji wa sekunde 10 unaweza kupanda au kushuka sana bila mto wenyewe kubadilika. Simama upande wa chini wa mkondo na pembeni, mkono umenyooshwa, ili miguu yako isiongoze maji kwenye mita.

Mtiririko wa kituo ni kasi × kina × nusu ya umbali kati ya kituo kilichotangulia na kinachofuata. Mfano: 0.51 m/s × 0.42 m × 0.30 m = 0.064 m³/s. Jumlisha vituo vyote. Ikiwa jumla ni 0.58 m³/s, kituo hiki peke yake kimebeba asilimia 11, na hiyo ni nyingi mno. Ongeza vituo hapo. Lenga kila kimoja kisizidi asilimia 5, na 10 ndiyo mwisho.

Njia ya pili: chumvi

Mto ukiwa wa mawe na maporomoko, mita haifai. Chumvi ya dukani inafaa hapo hasa, kwa kuwa msukosuko uleule unaoharibu kipimo cha mita ndio unaoichanganya. Unahitaji kipimo cha EC (uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa µS/cm, ambao chumvi huupandisha) kinachorekodi kila sekunde 1 hadi 5, kikiwa kimewekwa kurekebisha joto hadi nyuzi 25, mizani, ndoo, na bomba la sindano la mililita 1.

Kadiria mtiririko kwa jicho au kwa kijiti kinachoelea: kasi ya kijiti × 0.85 × eneo la mkato wa mto. Kwa lita 200 kwa sekunde, kilo 1 ya chumvi inatosha. Maji yenye EC kubwa kiasili, kama ya nyanda kavu, yanataka zaidi ili ongezeko lionekane. Yeyusha kila kilo kwa lita 6 za maji ya mto, ukikoroga mpaka usisikie punje chini ya ndoo. Chumvi ya mawe huchelewa kuyeyuka, na punje zikibaki ndooni umepima chumvi ambayo haikupita.

Mwaga kwa mkupuo mmoja katikati ya mkondo, kisha suuza ndoo hapohapo. Kipimo cha EC kikae upande wa chini wa mkondo, umbali wa kama mara 25 ya upana wa mto, pasiwe na kijito kinachoingia wala dimbwi kubwa katikati. Dimbwi hushika chumvi na kuiachia pole pole, mkia wa mchoro wa EC ukawa mrefu usioisha. Rekodi mpaka EC irudi ilipoanzia.

Kisha tengeneza kipimo cha kulinganishia palepale, kwa chumvi ya pakiti ileile. Gramu 10 kwa lita 1 ya maji ya mto, hiyo ni akiba. Chukua lita 1 nyingine ya maji ya mto, ongeza mililita 1 ya akiba mara tano, ukisoma EC kila mara. Kila dozi inaongeza takriban miligramu 10 kwa lita na EC ya kama µS/cm 20, yaani karibu miligramu 0.5 kwa kila µS/cm. Ukipata 0.8 au 0.3, rudia, umekosea mahali. Ukitumia pakiti ileile, unyevu na uchafu wa chumvi unajirekebisha wenyewe.

Hesabu: jumla ya (EC − EC ya mwanzo) × sekunde kati ya usomaji mmoja na mwingine ikiwa 10,400, na kigezo ulichopata kwa kipimo cha kulinganishia (miligramu kwa kila µS/cm) ni 0.49, ukizidisha unapata 5,096. Miligramu 1,000,000 (ile kilo 1 ya chumvi) ÷ 5,096 = lita 196 kwa sekunde. Ukiwa na vipimo viwili vya EC, weka kimoja kila ukingo. Majibu yakitofautiana zaidi ya asilimia 10, chumvi haijachanganyika. Shuka chini zaidi.

Kutoka vipimo hadi mwaka mzima

Simika mti wa kupimia kina cha maji na uusome kabla na baada ya kila kipimo. Maji yakipanda sentimita 3 ukiwa kazini, andika hivyo na utumie wastani. Ukipata vipimo 12 vya mtiririko au zaidi, kuanzia kiangazi hadi masika, chora Q = a(h − h₀)ᵇ, ambapo Q ni mtiririko, h ni kimo cha maji kwenye mti, a na b ni namba zinazotokana na vipimo vyako, na h₀ ni kimo ambacho mto ungekauka. Wengi huacha h₀ iwe sifuri, wakapata mstari uliopinda kwenye karatasi ya logi na kulaumu vipimo. Vipimo vitatu vya masika vina thamani kuliko kumi vya Agosti, na usitabiri zaidi ya mara mbili ya mtiririko mkubwa uliowahi kuupima.

Ila masika ndipo mto unapoua. Kina kwa mita ukizidisha kwa kasi kwa m/s, ikikaribia 1 usiingie; pimia darajani. Penye kichocho vaa mabuti marefu, na penye mamba usiingie majini wala usikae ukingoni; pimia darajani.