Kuchora nyumba ya kontemporari inayoifaa hali ya hewa ya Dodoma

Wateja wengi huja na ramani ya nyumba ya kontemporari, yaani ya paa la kuficha (bati limejificha nyuma ya parapeti, ule ukuta unaopanda kupita paa), waliyoipata kwenye simu, au ya ndugu aliyejenga Dar es Salaam. Inapendeza, ila Dodoma si Pwani. Kule joto lina unyevu na usiku haupoi sana, hivyo nyumba inataka upepo muda wote. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu: mchana wa Oktoba jua linachoma, usiku wa Julai utalitafuta blanketi. Nyumba ya hapa ijifunge mchana, ifunguke usiku.

Hatua ya 1: Soma kiwanja

Nenda kiwanjani saa 10 jioni uangalie jua linapopiga. Jua la magharibi ndilo baya kuliko yote, maana linaingia likiwa chini na hakuna kenopi (kibamba cha zege kinachotokeza juu ya dirisha) ya kulizuia. Laza nyumba kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Kiwanja kikikubana, upande wa magharibi weka stoo, vyoo, ngazi au gereji. Kitanda kisikae nyuma ya ukuta huo: unabeba joto la jioni na kulitoa ndani wakati unataka kulala.

Chimba pia shimo la kupima udongo. Ukikuta ule mweusi unaopasuka kiangazi, mhandisi aje kabla msingi haujachorwa.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kivuli

Nyumba ya paa la kuficha haina upenu, kwa hiyo kila dirisha lipewe kivuli chake. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Saa 6 mchana mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho; Desemba liko kusini, nyuzi kama 73. Dirisha lenye kimo cha mita 1.5 linataka kenopi ya sentimita 90 upande wa kaskazini; kusini 60 zinatosha. Irefushe sentimita 30 kila pembeni, na imwagwe pamoja na lenta (boriti ya zege inayopita juu ya madirisha), nondo zikiwa zimeungana. Kenopi ya kubandika baadaye siikubali kabisa.

Hatua ya 3: Madirisha

Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu. Chukua la bawaba, weka neti, na ukuta wa pili wa chumba uwe na matundu karibu na dari ili hewa ya moto itoke. Funga asubuhi kabla jua halijakolea, fungua jua likizama. Kiangazi upepo wa mashariki huja na vumbi. Panda mwarobaini upande huo mapema.

Hatua ya 4: Paa

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, nalo lina paa bapa, lakini ni la udongo mzito juu ya miti, na uzito huo ndio unaochelewesha joto. Bati ni jembamba, halicheleweshi kitu. Chagua bati jeupe au la rangi hafifu, tandaza sufi ya kuzuia joto juu ya dari, na toboa parapeti pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite chini ya bati. Matundu yawe na wavu wa kuzuia popo.

Hatua ya 5: Maji ya mvua

Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 550 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 likikusanya asilimia 80 linakupa lita 44,000. Tenga nafasi ya tangi la chini tangu kwenye ramani.

Mvua hizo hushuka kwa kishindo, na mfereji wa ndani ya parapeti ukiziba maji huishia sebuleni. Kwa hiyo weka bomba la dharura linalotokeza nje ya parapeti, chini kidogo ya ukingo wa mfereji. Kabla fundi hajafunga dari, ziba bomba kuu kwa tambara, jaza mfereji maji, kisha simama nje uone kama yanatoka kwenye lile la dharura.