Kupanga kazi katika zamu yenye shughuli nyingi

Muuguzi mpya katika wodi ya hospitali ya serikali nchini Uganda afike kabla ya makabidhiano, apite kitanda kwa kitanda pamoja na mwenzake anayetoka zamu. Aandike kwenye karatasi moja namba ya kitanda, dawa na saa yake; mathalani, mgonjwa wa malaria kali aliyeanza sindano ya artesunate saa mbili asubuhi atachomwa tena saa mbili usiku, kisha saa mbili asubuhi inayofuata. Aanze na aliyezidiwa, hata kama mwingine anaita kwa sauti. Ndugu wanaouguza, ambao ndio hukesha kando ya kitanda, waelezwe mapema dalili za hatari. Kila dozi iandikwe kwenye faili papo hapo.