Kuandaa kamera na vifaa vya video kwa wiki moja ya Ndutu

Nyumbu wanapozaa Ndutu, uwanda wa kaskazini mwa Tanzania, kati ya Januari na Machi, adui mkubwa wa kamera ni vumbi. Udongo wa uwanda ule umetokana na majivu ya volkeno, yakiwemo ya mlima Ol Doinyo Lengai; ni laini kama poda na hukwaruza kioo. Ndiyo maana maandalizi haya yote yanafuata sharti moja: lenzi ikishafungwa kwenye kamera asubuhi, haitolewi mpaka urudi kambini.

1. Kila lenzi na bodi yake

Beba bodi mbili (bodi ni kamera yenyewe bila lenzi) zinazotumia betri za aina moja. Ya kwanza ikae na lenzi ndefu, mfano 200-600 mm. Ya pili ikae na 24-105 mm au 70-200 mm. Porini hazibadilishwi. Kama una bodi moja, pesa ya lenzi ya tatu itumie kukodi bodi ya pili.

2. Kagua sensa wiki tatu kabla

Sensa ni kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha. Weka f/22 (tundu dogo la lenzi), ISO 100 (unyeti mdogo wa mwanga), vuruga fokasi kwa mkono, kisha piga anga tupu au ukuta mweupe. Kuza picha hadi asilimia 100. Madoa ya kijivu yanayorudi pale pale kila picha ni vumbi la sensa. Kwenye picha mnato utayafuta kwa dakika moja, lakini kwenye video mnyama anatembea na doa limeganda pale pale, na kulisafisha ni kazi ya usiku kucha.

Anza na pampu ya mpira, mdomo wa kamera ukitazama chini. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Usitumie kopo la hewa, linaweza kurusha kimiminika baridi juu ya sensa. Doa likigoma, mpelekee fundi. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza wiki tatu kabla.

3. Umeme

Betri nne kwa kila bodi, kwa sababu video ya 4K, yaani ya ubora wa juu, hula chaji kuliko picha. Kambi nyingi hutegemea sola, na mara nyingine kuchaji ni kwa saa maalumu kwenye hema la chakula. Chukua inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani) ya wati 150 na umuulize mwenye gari mapema: soketi ni ya volti ngapi, na inafanya kazi injini ikiwa imezimwa? Plagi za Tanzania ni za pini tatu za mraba, volti 230.

Kwenye ndege, betri za akiba hukaa kwenye begi la mkononi. Zidisha mAh (kiasi cha chaji kilichoandikwa kwenye betri) kwa volti, gawanya kwa 1,000, upate Wh (wati-saa): pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni Wh 74. Mpaka 100 hupati shida. Kati ya 100 na 160 omba ruhusa ya shirika la ndege. Ndege ndogo za mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu, begi laini.

4. Kadi na saa

4K ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza GB 45 kwa saa, hivyo kadi ya GB 128 haifiki saa tatu. Kadi yenye alama ya kasi ya V30 inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde; ukirekodi zaidi ya megabiti 240, nunua V60, la sivyo kamera itaacha kurekodi ndama akiwa anajaribu kusimama.

Fomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Linganisha saa za bodi zote mbili mpaka sekunde. Kila jioni nakili kwenye diski mbili, fungua mafaili machache ya kila diski, ndipo ufute kadi.

5. Mfuko wa mchele

Ndani ya gari lenye paa la kunyanyuka, tripodi haina pa kukanyaga. Badala yake lenzi hulala juu ya mfuko: beba mfuko wa turubai ukiwa mtupu, ununue kilo 3 za mchele au maharage Karatu, mji wa njiani. Jaza theluthi mbili tu: uliojaa pomoni ni mgumu kama mpira na lenzi inateleza, wakati uliolegea unaikumbatia. Na dereva azime injini, maana mtetemo wake mfuko hauumezi.

6. Kufunika

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Foronya yenye zipu inatosha kabisa, na kikoi juu yake gari likitembea. Usiweke kamera sakafuni, mtetemo hulegeza skrubu. Ukishuka kutoka baridi ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi chini, kama mita 600, acha begi limefungwa nusu saa ili kioo kisipate ukungu.

Droni iache nyumbani kama huna kibali maalumu. Filamu ya biashara inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu na cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwani sehemu kubwa ya Ndutu iko chini yake.

7. Jaribio

Siku mbili kabla, kaa kando ya barabara ufuatilie bodaboda kwa lenzi ndefu, kamera ikiwa juu ya mfuko, kwa saa nzima. Kisha zima taa chumbani, ubadilishe betri na kadi kwa kupapasa. Saa kumi na mbili asubuhi ndani ya gari, mwanga ni huo huo.