Kabla hujamfuata mtu kumuuliza kazi yake ikoje: mambo ya kuzingatia

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mliomaliza form four na form six, naomba tuongee kidogo. Huku kwetu mtoto akifaulu anaambiwa nesi, mwalimu au mambo ya gesi, basi anajaza fomu, ada inalipwa kwa hela ya korosho ya mzee, halafu mwaka wa pili ndo anagundua hiyo kazi hajawahi hata kumwona mtu akiifanya. Inaniuma sana hii. Kuna njia isiyo na gharama: unamtafuta mtu aliyepo kwenye hiyo kazi, unamuomba nusu saa, unamuuliza. Ila yapo ya kuweka sawa kabla hujatoka nyumbani.

La kwanza na kwangu ndo kubwa, bahasha ya khaki iache nyumbani. Ukiingia na CV na vyeti mtu anaona mwombaji kazi, hapohapo anaanza kujihami, "sa hivi nafasi hakuna dogo, acha namba", na mazungumzo yameishia hapo. Wewe umefuata habari, ajira hujaifuata, na hilo liseme mapema kabisa kwenye meseji, kitu kama hivi: "Shikamoo dada, namba yako nimepewa na mama mdogo, nimemaliza form six na nafikiria kusoma nesi, siombi kazi wala hela, naomba dakika 30 siku usiyo na zamu nikuulize kazi inavyokwenda." Inatosha. Asipojibu subiri wiki, kumbusha mara moja, akikaa kimya tena muache na shughuli zake.

Nani wa kumfuata? Usikimbilie bosi. Mkuu wa idara ameshasahau kuanza kulivyo, mtafute aliyetoka chuo miaka miwili mitatu nyuma, huyo bado anakumbuka alivyopata nafasi na kipi alisoma bure. Na watu wapo, yaani tatizo hatuwaoni kwa jicho hilo: mtafiti wa korosho pale Naliendele, nesi wa hospitali ya Ligula, wakala wa forodha bandarini, karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), fundi wa mtambo wa gesi Madimba, walio Kilwa wana ule wa Songo Songo. Uliza nyumbani kwanza, kwa mjomba, kwa shangazi, msikitini, kanisani, hakosekani mtu anayemjua mtu.

Angalia na msimu jamani. Kuanzia Oktoba korosho zikianza kwenda mnadani, karani wa AMCOS au mtu wa ghala hana hata muda wa kula, na bandarini nako meli za korosho zikianza kupakia ni hivyohivyo, mfuate msimu ukishaisha atakaa na wewe vizuri tu. Nesi usimvamie wodini.

Halafu jisomee kidogo. Mzee wako anauza kwa stakabadhi ghalani miaka yote hiyo, yaani korosho zinawekwa ghalani anapewa risiti mpaka ziuzwe mnadani, na kwa korosho mfumo ulianzia hukuhuku kusini 2007, kwa hiyo usiende kumuuliza karani hiyo stakabadhi ni nini, muulize kile ambacho huwezi kukipata kwingine.

Maswali sasa. Usiulize "kazi yako nzuri?" maana atakujibu nzuri, tunamshukuru Mungu. Muulize jana alifanya nini tangu alipofika mpaka alipotoka. Hapo ndo utasikia kumbe mtafiti anashinda juani shambani anahesabu matawi yenye ugonjwa, jioni anajaza takwimu kwenye kompyuta, na wewe ulikuwa unawaza maabara na koti jeupe. Uliza kipi kinamchosha, nani waliacha na kwa nini waliacha. Kwa kazi za huku kwetu usisahau kuuliza wa kudumu ni wangapi na wa msimu ni wangapi, maana kujenga mtambo kunabeba watu wengi ila kuuendesha kunabeba wachache, bomba la gesi la kwenda Dar lilizinduliwa 2015 na ujenzi ukiisha na vibarua vyake vinaisha. Kama unataka kusoma gesi hili ulijue kabla hujalipa ada.

Mshahara wake usimuulize, ni kumvunjia heshima. Sema "mtu anayeanza anaweza kupata kama shilingi ngapi", hapo atakujibu bila shida.

Kwa mabinti naongezea, na hili silifanyii mzaha: kutana nae kazini kwake mchana au sehemu ya wazi, nyumbani wajue umeenda wapi kwa nani, nenda na ndugu ikibidi. Akibadilisha akasema njoo jioni gesti au kwangu, hayo sio maongezi ya kazi, usiende na uwaambie wakubwa.

Beba daftari na kalamu, simu iweke sailensi, dakika 30 zikifika mwambie muda umeisha hata kama mnanogewa, akitaka kuendelea ataendelea mwenyewe. Kabla hujaaga muombe jina la mtu mwingine wa kuongea nae, ikiwezekana aliyeiacha hiyo kazi, maana mtu mmoja anaweza kuwa na bahati yake au machungu yake. Meseji ya asante itume jioni ileile, na majibu ya chuo yakitoka mjulishe umechagua nini.