Kipaji cha Mwili na Uimara wa Akili: Namna ya Kumjenga Bondia wa Kigoma

Panapofanyika mazoezi ya ngumi Kigoma Ujiji, mabishano juu ya nani atafika mbali hayaishi. Wapo wanaoapa kwamba bondia huzaliwa na mikono yake, na wapo wanaoshikilia kwamba moyo ndio unaopigana na mikono hufuata tu. Mwongozo huu unamlenga kocha na bondia chipukizi, na msimamo wake ni kwamba mwili uliojaliwa huamua utapigana kwa mtindo gani, ilhali akili huamua kama utabaki kwenye mtindo huo pumzi inapoanza kukata. Uimara huo wa akili hufundishika, ila haufundishiki kwa hotuba.

Anza kwa kupima mwili

Msimamishe bondia mgongo ukiwa ukutani, anyooshe mikono pande zote mbili, weka alama ya chaki kwenye ncha za vidole, kisha linganisha umbali huo na urefu wake. Kwa watu wengi vipimo hivyo viwili hukaribiana. Yule ambaye mikono yake inazidi urefu wake kwa sentimita 8 au 10 ana silaha ambayo mwenzake hataipata kwa mazoezi yoyote, na ni kosa kumfundisha kuingia ndani na kubanana wakati anaweza kumweka mpinzani mbali kwa ngumi ya mbele iliyonyooka. Kwa kasi ya kuitikia, shika rula ya sentimita 30 juu ya vidole vyake vilivyo wazi, iachie bila ishara, utazame ameidakia wapi. Ikishuka sentimita 20 kabla hajaidaka, zimepita takriban sekunde 0.2. Rudia mara nyingi, kwa kuwa jaribio moja linaweza kuwa bahati.

Vijana wanaovuta nyavu Katonga au wanaopakia mizigo Kibirizi huja na migongo na mabega ambayo bondia wa mjini angeyatamani. Hata hivyo, wengi wao hukaza misuli muda wote ngumi inaposafiri, jambo linaloipunguzia kasi na kuwachosha mapema, hivyo kazi ya miezi ya kwanza ni kuwafundisha kulegea hadi ngumi inapokaribia kufika.

Kidevu kisipimwe kabisa. Kuna makocha wanaomwacha kijana apigwe ili waone kama ana kichwa kigumu, na gharama ya ujinga huo hailipwi na kocha.

Jinsi kipaji kinavyoficha upungufu

Bondia aliyejaliwa sana ana hatari moja ambayo wenzake hawana, nayo ni kwamba hushinda kabla hajachoka, na kwa sababu hiyo hafanyi kamwe mazoezi ya kuchoka. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu, George Foreman, alifika Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 akiwa hajapoteza pambano hata moja, na Joe Frazier na Ken Norton alikuwa amewamaliza ndani ya raundi 2 kila mmoja. Mpinzani wake, Muhammad Ali, aliegemea kamba, akaziba, akamwacha apige mpaka mikono ikawa mizito, kisha akamwangusha katika raundi ya 8. Nguvu za Foreman hazikuwa na kasoro yoyote usiku ule, ila zilikuwa zimemnyima nafasi ya kujifunza nini cha kufanya zinapokwisha.

Mfano wa James Douglas ni mgumu zaidi kuufasiri, na kwa maoni yangu una mafunzo mengi zaidi. Tarehe 11 Februari 1990 mjini Tokyo, wiki tatu hivi baada ya kufiwa na mama yake, aliangushwa na Mike Tyson katika raundi ya 8, akainuka, akamshinda katika raundi ya 10. Watu husimulia habari hiyo kama ushindi wa moyo peke yake, wakisahau kwamba mikono yake ilikuwa mirefu kuliko ya Tyson kwa karibu sentimita 30 na kwamba ngumi yake ya mbele ilifanya kazi usiku kucha. Oktoba mwaka huohuo, kwa mikono ileile, alipanda ulingoni dhidi ya Evander Holyfield akiwa ameongezeka zaidi ya kilo 6, akapigwa katika raundi ya 3. Urefu wa mikono haukupungua. Nidhamu ya maandalizi ndiyo iliyopungua.

Mazoezi yenyewe

Kinachoitwa woga ulingoni mara nyingi ni pumzi. Mtazame bondia anayechoka: mabega yanapanda, kidevu kinainuka, anazuia hewa kifuani kila anaporusha ngumi, na mkono wa nyuma unaacha shavu. Ukimkemea hapo kwamba hana moyo, umemwongezea mzigo bila kumsaidia. Jenga pumzi kwanza, na uijenge kwa vipimo vya pambano. Barabara inayopanda kutoka bandarini kwenda Mwanga inafaa sana kwa kazi hiyo: akimbie akipanda kwa dakika 3, atembee akishuka kwa dakika 1, arudie kama raundi za ngumi za ridhaa, ambazo ni 3 zenye dakika 3 kila moja. Anayejiandaa kwa ngumi za kulipwa aongeze raundi kidogo kidogo.

Pumzi ikishapatikana, ingia kwenye zoezi ambalo mimi huliona kuwa kiini cha jambo lote, yaani dakika moja ya kona, ile ya mapumziko kati ya raundi bondia anapokaa na kocha wake. Lifanye mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa tayari imechoka kwa kamba na begi. Bondia apige padi anazoshika kocha mikononi kwa dakika 3 kwa kasi ya pambano, kisha akae. Sekunde 20 za kwanza usiseme neno. Mwache atoe hewa kwa mdomo, polepole, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na anywe funda la maji. Baada ya hapo mpe agizo moja tu, kwa mfano, «Ngumi ya mbele mara mbili, kisha toka kushoto.» Kengele ikilia, hesabu sekunde 20 na utazame miguu yake. Akifanya ulichosema, siku nyingine mpe maagizo mawili. Akiitikia kwa kichwa halafu akatoka na kufanya mambo yake, usimwite mkaidi, kwani maneno yako hayakumfikia. Fupisha agizo, na mrudishe kwenye kuvuta pumzi.

Hatua inayofuata ni sparingi, yaani pambano la mazoezi, ya kubadilishiwa wapinzani. Bondia mmoja abaki ulingoni raundi nzima, na kila dakika aingie mwenzake aliyepumzika, wote wakipiga kwa nusu ya nguvu na wakiwa wamevaa kinga ya kichwa na gadi ya mdomo. Sharti liwe moja: kila anapoguswa na ngumi safi, ajibu kwa ngumi ya mbele na hatua moja ya pembeni, bila kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka na bila kurusha kwa hasira. Baada ya majuma kadhaa, jibu hilo huja lenyewe hata akili ikiwa na ukungu, na watazamaji ndipo husema kijana huyu ana moyo.

Safari nayo ihesabiwe kuwa sehemu ya pambano. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na mwili unaoshuka hapo huwa umekakamaa na tumbo limevurugika, kwa hiyo afike siku kadhaa kabla ya kupima uzito. Kelele za ugenini pia zizoelewe nyumbani: alika vijana wa mtaa waje kuzomea siku ya sparingi. Bondia Mtanzania Hassan Mwakinyo alimshinda Sam Eggington katika raundi ya 2 mjini Birmingham, Septemba 2018, mbele ya mashabiki wa Mwingereza huyo.

Mpaka wa ujasiri

Mjini Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, Joe Frazier alitaka kutoka kwa raundi ya 15 dhidi ya Ali huku macho yake yakiwa yamevimba kiasi cha kutoona vizuri, na kocha wake Eddie Futch akalisimamisha pambano. Frazier hakupungukiwa na uimara; alikuwa nao kupita kiasi, na ndiyo maana uamuzi wa kusimamisha ni wa kona, yaani kocha na wasaidizi wake. Elewaneni kuhusu hilo kabla ya siku ya pambano, tena mbele ya mzazi wa kijana ikiwezekana, ili taulo likirushwa ulingoni kusimamisha pambano pasiwe na lawama. Aliyepigwa nokauti ya kichwa asifanye sparingi kwa siku zisizopungua 30, hata akiapa kwamba yuko salama. Akiumwa kichwa kinachozidi, akitapika, akisinzia isivyo kawaida au akiuliza swali lilelile mara kwa mara, apelekwe Hospitali ya Maweni usiku huohuo, na asiachwe alale peke yake ili kungoja kupambazuke.